Akiba ya Dada: Maneno ya Mwalimu wa Dini Siku ya Jubilei



Nimeamriwa kunena juu ya mali na ukarimu. Kazi hii ingemfaa zaidi mtu tajiri, kwa kuwa yeye aujua uzito wa kuachana na vitu. Walakini maskini naye ana vitu vyake avishikavyo sana, na kwa habari ya hivyo vidogo ndiyo nitakayosema.

Wengi wenu mmesikia habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyezaliwa yapata mwaka 251. Wazazi wake walipofariki, naye akali kijana wa miaka 18 au 20, alirithi mashamba yenye rutuba, eka zipatazo 200, pamoja na ulezi wa dada yake mdogo. Hata siku moja akaingia kanisani, akasikia ikisomwa Injili ya yule kijana tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo, awape maskini. Antoni akaona kana kwamba amesomewa yeye peke yake. Akatoka, mashamba akawagawia watu wa kijiji chake, vyombo akaviuza, fedha akawapa maskini. Akabakiza kidogo tu kwa ajili ya dada yake.

Hapo napenda tutue. Nani atamlaumu mtu kwa kumwekea dada yake akiba? Lakini alipoingia kanisani mara ya pili, alisikia Bwana akikataza kuisumbukia kesho. Hakuweza kukaa, akatoka, akaigawa na akiba ile, na dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee. Mimi nakiri kwamba humwonea huruma binti yule, maana hatusomi kwamba aliulizwa. Hata hivyo Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha hayo, asema kwamba Antoni alikuja kumwona amezeeka katika ubikira wake, akiwaongoza wenzake.

Habari hii niliwafundisha wakatekumeni masika iliyopita. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile akiba ilikuwa dhambi?" Nikamjibu maneno mengi, wala swali lake sikulijibu. Sababu naijua mwenyewe. Juma lile lile jirani yangu mjane alikuja kukopa fedha za kumpeleka mtoto hospitalini, nami nikamwambia, "Mama, mkononi sina kitu." Naam, mkononi sikuwa na kitu, lakini debeni, chini ya kitanda, zilikuwamo fedha za kununulia mabati, maana nyumba yetu yavuja, na mvua ikinyesha usiku watoto wangu hulala wamejikunyata. Je, kumtafutia mtoto paa ni neno baya?

Jioni ile nilifungua debe, nikaenda kwake. Mtoto alikwisha kutibiwa. Mama alikwisha kuuza mbuzi wake wawili kwa mchuuzi, kwa bei ya kuonewa. Nikaziweka fedha mbele yake. Akazitazama, akasema polepole, "Kumbe zilikuwapo, Mwalimu." Kisha akahesabu thamani ya mbuzi wawili, zilizosalia akanirudishia, akaniletea na kigoda nikae.

Bwana Askofu ametangaza kwamba sadaka ya Jubilei hii ni ya wajane na mayatima. Zile zilizosalia zimo katika bahasha hii. Mke wangu ameziona, nasi tumeafikiana. Paa litangoja hata kiangazi kijacho.