Hajashika Mwiko, Lakini Anajenga

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wetu wa Ngara na Biharamulo)



Nianze na mama yangu mdogo wa Nyakanazi. Aliuza mitumba miaka na miaka, halafu akaamua kujengea watu nyumba. Sio fundi, na mwiko hajawahi kuushika. Ila kununua, kupanga na kuhesabu anajua.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Hawakuandikishana. Nyumba ilipofika kwenye lenta, mwenye nyumba akambadilikia: "Mwanamke unajua nini habari za ujenzi?" Hela iliyobaki hakulipwa. Tofali alikopa yeye, deni likabaki kwake.

Watu wakasema amekosa uzoefu. Jamani, alichokosa ni karatasi.

Kazi ya pili nilimwandikia mkataba mimi. Kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida: nani ananunua vifaa, na malipo kwa hatua, yaani msingi, lenta, paa, umaliziaji. Hatua moja haijalipwa, mafundi hawaendi inayofuata. Fundi mkuu naye akasaini wa kwake. Nyumba ikaisha, akalipwa yote.

Sasa dada unayetaka kuanza, utaambiwa mambo matatu.

La kwanza, "wewe sio fundi". Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina madaraja, la saba ndilo la chini. Inataka kampuni iwe na mtaalamu mwenye sifa. Haijasema mwenye kampuni lazima awe amebeba zege.

La pili, "ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke". Anayejenga ili auze anahitaji kiwanja, kwa hiyo hili linakugusa. Hapa hapa Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akapinga kwa mila za Kihaya. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume. Likitajwa neno ukoo, taja Holaria.

La tatu, "mtaji huna". Hapo wanasema kweli. Lakini sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha, ikarudi 2024. Waliokula bila kurudisha ni wengine, aliyefungiwa mlango ni mama ambaye hajakopa hata senti! Sheria ya manunuzi nayo imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalum, wanawake wakiwemo. Madarasa yanayojengwa kwenye kata yako, mwanamke gani kapewa hata kuleta mchanga?

Basi kazi yetu ni hii. Kila kata, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii. Ulizeni zimetengwa shilingi ngapi, na vikundi gani vimepata. Msiulize kwa mdomo. Andikeni barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala.

Mama mdogo alidhulumiwa kwa maneno, akalipwa kwa karatasi. Halmashauri nayo tuidai hivyo hivyo.