Kinga ya Rangi ya Motokaa Mpya: Je, Tulipe?

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, ambalo hata hivyo huwatoa watu fedha nyingi mfukoni: kinga ya rangi ya motokaa mpya. Wala mtu asiseme, "Mimi sina motokaa, maneno haya hayanihusu." Siku hizi vyama vya ushirika, shule, makanisa na misikiti hununua magari kwa michango ya watu wengi, na huenda nawe ukachaguliwa katika kamati ya kununua.

Tuseme kamati ya chama cha ushirika huko Kenya imekwisha kupatana bei, na kalamu ziko mkononi. Ndipo muuzaji asemapo, "Wazee wangu, limebaki jambo moja. Mkiongeza shilingi 40,000 tutaipaka rangi dawa ya kuikinga na jua, kinyesi cha ndege, mikwaruzo na kutu kwa miaka 5. Wala hamtoi fedha leo. Tutaziingiza katika mkopo." Maneno haya ni matamu. Je, kamati ijibuje?

Kwanza yatupasa kujua rangi yenyewe ni nini. Bati la motokaa huchovywa katika rangi ya kuzuia kutu. Juu yake hupakwa rangi ya msingi. Kisha ile tuionayo. Na mwisho vanishi ngumu, iliyo wazi kama kioo. Matabaka hayo yote pamoja unene wake hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi ya daftari. Zamani vanishi hiyo haikuwako. Rangi ilipigwa na jua ikachujuka, ikawa kama chokaa, na mwenye gari hakuwa na budi kuisugua kwa nta mara kwa mara. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimeongeza vanishi yenye dawa ya kupunguza ukali wa jua. Basi motokaa mpya huja na kinga yake kutoka kiwandani, nanyi mmekwisha kuilipia.

Pili, tujue kiuzwacho. Kinga ziko za namna tatu. Ya kwanza ni nta. Nta moja iliyo maarufu hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao Brazil. Hudumu majuma au miezi michache, na mtu yeyote aweza kuipaka kwa mkono wake. Ya pili ni dawa ya maji iitwayo seramiki, ambayo ikikauka huwa ngumu, maana asili yake ni jamoja na ile ya mchanga na kioo. Hufanya maji yateleze na uchafu usishike upesi, nayo ikipakwa vyema hudumu mwaka na zaidi. Lakini unene wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Jiwe lirushwalo na gurudumu la lori hulipita kana kwamba hakuna kitu. Ya tatu ni utando wa plastiki ulio wazi, ubandikwao juu ya rangi. Unene wake wapata sehemu mbili za kumi za milimita, kupita rangi yote, na huo ndio uwezao kuzuia changarawe. Bei yake ni kubwa, na kuubandika kwataka fundi hodari.

Sasa turudi kwa muuzaji. Mara nyingi dawa iuzwayo mezani ni ya namna ya kwanza au ya pili, lakini ahadi zake ni za namna zote tatu, na kutu juu yake. Kutu hupenda kuanza chini ya gari, mahali tope na chumvi ya pwani vikaapo, au penye jeraha lililofika batini. Dawa iliyopakwa juu ya boneti haifiki huko. Tena isomeni hati ya dhamana kabla ya kutia sahihi. Nyingi hazihesabu mawe wala mikwaruzo, na nyingine hutaka gari lirudishwe kila mwaka likaguliwe. Asiyelirudisha, dhamana yake imekufa.

Tufanye na hesabu. Shilingi 40,000 zikiingizwa katika mkopo wa miaka 3, kwa riba ya 15 kwa mia kila mwaka juu ya mkopo wote, riba yake ni shilingi 18,000. Kumbe dawa imekuwa shilingi 58,000, na wanachama ndio walipao.

Hatusemi kwamba kinga zote ni bure. Gari lipitalo barabara ya changarawe kila siku, na wenyewe wanakusudia kulitumia miaka mingi, laweza kustahili utando mbele ya boneti na juu ya bampa. Lakini ulizeni bei kwa mafundi wawili au watatu, msinunue kwa haraka mezani. Na kama gari limetumika Japani kabla ya kufika kwetu, kumbukeni kwamba dawa ipakwayo juu ya mikwaruzo haiiondoi. Sharti rangi isafishwe na kung'arishwa kwanza.

Kwa gari jingine lolote, kinga iliyo bora ni mkono wa dereva. Alimwagie maji mengi kabla ya kuligusa, maana vumbi likisuguliwa kavu hukwaruza kama msasa. Aliogeshe kivulini, kwa sabuni ya magari na kitambaa laini, wala asikitumie tena kitambaa kilichoanguka chini. Kinyesi cha ndege akiondoe siku ile ile, kwani kikikaushwa na jua hula vanishi. Alisafishe na chini kwa maji, alipake nta kila miezi mitatu, na jeraha likifika batini alitie rangi mara moja. Gharama ya haya ni haba.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kamati na ijibu kwa adabu: "Ahsante, bwana. Tupe hati ya dhamana tukaisome nyumbani, nasi tutakujibu." Ikiwa dawa ni njema leo, itakuwa njema na juma lijalo.