Mifupa ya Kamiti

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maziko.

Majuzi tuliketi na vijana wa hapa Kiamaiko, wengi wao wachinjaji wa mbuzi, tukatazama filamu iitwayo "Our Land, Our Freedom". Ni kazi ya wanawake wawili, Zippy Kimundu na Meena Nanji, iliyotolewa mwaka 2023, na wanaoonekana humo si waigizaji bali ni watu wenyewe. Yamfuata Wanjugu, binti ya Mukami, mjane wa Dedan Kimathi, akitafuta mahali alipolazwa yule kiongozi wa Mau Mau. Kimathi alikamatwa kule Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa pasipo alama yoyote.

Kijana mmoja alituuliza, "Pasta, mtu amekufa zaidi ya miaka sitini. Mifupa ni ya nini?"

Swali lake si la utovu wa adabu. Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Wana wawili wa Rispa walitundikwa mlimani, wakaachwa bila kuzikwa. Mama yule hakuwa na jeshi wala wakili. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Habari zikamfikia mfalme Daudi. Naye akaikusanya mifupa ya wale waliotundikwa, pamoja na ya Sauli, mtu aliyemwinda miaka mingi ili amwue, akaagiza wazikwe kwa heshima. Ndipo Mungu akaihurumia nchi iliyokuwa na njaa.

Serikali yetu ilimsimamishia Kimathi sanamu ya shaba mjini Nairobi mwaka 2007, katika barabara yenye jina lake. Ni nzuri, nasi huipita twendapo mjini, lakini sanamu haizikwi. Usiku wa mwisho Kimathi alimwandikia padre mmoja barua, akiomba mwanawe asomeshwe na mama yake mzazi atazamwe. Mukami mkewe alikuwa kifungoni papo hapo Kamiti. Alifariki Mei 2023, kaburi la mumewe hajalionyeshwa.

Twajua baadhi yenu mnaotusikiliza mna jeraha lingine. Wazee wenu walikataa kiapo kwa ajili ya imani, wakauawa na watu wa msituni. Kanisa letu la Anglikana liliwajengea kanisa la ukumbusho kule Murang'a, na ni haki yao. Lakini pia, tarehe 24 Aprili 1954, askari waliuzingira mji huu wa Nairobi, wakapita mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini. Wako wasiorudi. Nao walikuwa na mama zao.

Kwa hiyo, Jumapili ijayo, katika ibada ya saa tatu, mwenye jina la ndugu ambaye kaburi lake halijulikani na aliandike katika karatasi, amkabidhi mzee wa kanisa mlangoni. Tutayasoma yote wakati wa maombi, ya waliokula kiapo na ya waliokikataa, kwa orodha moja.