Anayetembea Usiku Si Lazima Awe Mchawi

(Hotuba ya Mratibu wa Mradi wa Afya ya Jamii wa Dayosisi katika semina ya kamati za afya za sharika. Tunaichapisha kwa maombi ya washiriki.)



Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya magonjwa yasiyoambukiza. Najua wengi mnategemea kusikia habari za kisukari na shinikizo la damu. Hayo daktari wetu atayaeleza kesho. Mimi naomba niseme juu ya ugonjwa ambao hauna hata mstari wake katika fomu zetu za taarifa ya robo mwaka. Pengine ndiyo maana tulichelewa kuuona.

Katika mtaa mmoja wa dayosisi yetu yuko bibi mjane. Kwa muda mrefu majirani walimwona akizunguka nyumba yake usiku wa manane, bila taa. Mtoto wa jirani alipofariki, maneno yakaanza. Mnajua sote maneno hayo huishia wapi kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Kamati ya mtaa ililileta jambo hili ofisini kwangu, nami niliandika katika taarifa: "Mgogoro wa majirani, umefikishwa kwa mwenyekiti wa kijiji." Nikafunga faili. Wachungaji walikwenda kumwombea, na maombi hayakuwa kosa. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyemwuliza kwa nini anatembea.

Aliyemwuliza ni muuguzi wa zahanati, siku bibi alipokwenda kwa ajili ya magoti. Bibi akamjibu: "Mwanangu, nikilala tu, ni kama siafu wanatembea ndani ya mifupa. Nikisimama wanatulia. Nikirudi kitandani nao wanarudi." Alikuwa hawashi taa kwa sababu alikuwa akibana matumizi ya mafuta.

UGONJWA WENYEWE

Wataalamu wanauita ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672, na Msweden Karl-Axel Ekbom akauandikia kitabu kizima mwaka 1945. Kwa hiyo si ugonjwa mpya.

Dalili zake ni nne. Kwanza, mgonjwa anasukumwa kuitikisa miguu, mara nyingi pamoja na hisia mbaya ndani yake. Pili, hali hiyo huanza au huzidi akiwa amekaa au amelala. Tatu, hupungua akitembea au akijinyoosha. Nne, huzidi jioni na usiku. Kukaza kwa misuli, ganzi ya kisukari na maumivu ya magoti ni mambo mengine, na mhudumu wa afya lazima ayatofautishe.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa kwamba watu wazima 5 hadi 10 kati ya 100 wana dalili hizi, ingawa wengi wao si kwa ukali. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta wagonjwa wachache sana. Basi sisemi kwamba kila nyumba ina mgonjwa. Nasema kwamba aliye mmoja asifukuzwe kijijini kwa sababu ya miguu yake.

YALIYOMSAIDIA BIBI, NA YALIYOMDHURU

Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Kabla ya kufika kwa muuguzi, bibi alikuwa tayari anatumia tiba mbili kutoka duka la dawa. Ya kwanza ni vidonge vya maumivu ya magoti, alivyomeza karibu kila siku. Ya pili ni dawa ya mafua inayoleta usingizi, aliyoshauriwa na jirani mwema ili apate kulala. Dawa nyingi za mafua na mzio za aina hiyo huuzidisha ugonjwa huu. Hivyo kila alipomeza kidonge ili alale, ndivyo alivyotembea zaidi. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sonona nazo huweza kufanya hivyo. Lakini mtu asiache dawa ya hospitali kwa uamuzi wake, amwambie daktari.

Katika hospitali ya rufaa walimpima damu. Wingi wa damu ulikuwa chini kidogo tu, lakini akiba ya madini chuma, inayopimwa kwa kipimo cha feritini, ilikuwa karibu imekwisha. Ubongo unahitaji madini chuma, na upungufu wake ni moja ya sababu zinazojulikana vizuri za ugonjwa huu. Wengine hupungukiwa kwa sababu ya safura, wengine kwa uzazi wa karibu karibu au hedhi nzito. Bibi alikuwa na vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu polepole, na vidonge vile vya magoti ni moja ya visababishi vikubwa vya vidonda hivyo.

Alitibiwa vidonda, akaachishwa vidonge vile na dawa ya mafua, akapewa vidonge vya madini chuma. Alielekezwa avimeze na maji ya limau au machungwa, na si pamoja na chai wala maziwa, maana hivyo huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kilikuwa cheusi na kigumu, akaogopa, akataka kuacha. Mama wa jumuiya yake akawa anakwenda kumtia moyo. Nafuu haikuja kwa wiki moja. Ilikuja mwezi wa tatu, na mpaka leo si kila usiku analala. Lakini analala.

UZOEFU WA WENGINE

Mama mmoja kijana aliniambia miguu ilimtesa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, naye akadhani ataishi hivyo maisha yake yote. Ilitulia baada ya kujifungua, kama inavyotokea kwa wengi. Kilichomsaidia wakati ule ni madini chuma ya kliniki ya wajawazito, kukandwa miguu, na mume aliyekubali kuamka naye.

Mzee mmoja wa kanisa mwenye ugonjwa wa figo alikuwa na taabu nyingine. Kusafishwa damu huchukua kama saa nne, na miguu yake haikumruhusu kukaa saa moja. Alikuwa akiomba atolewe mapema, jambo ambalo ni hatari kwake. Daktari alimpa gabapentini kwa kipimo kidogo, kwa kuwa figo mbovu hushindwa kuitoa mwilini. Sasa anamaliza muda wake, ingawa anasema asubuhi kichwa huwa kizito na lazima atembee na fimbo.

Uzoefu wa tatu nilipewa na mgeni wetu kutoka usharika rafiki Ujerumani, naye ameniruhusu niuseme. Yeye alipewa pramipeksoli. Usiku wa kwanza alilala kama mtoto, akadhani amepona. Baada ya miaka kadhaa miguu ilianza kumsumbua saa kumi jioni badala ya usiku, kisha mchana, kisha mikono nayo. Kila walipoongeza dawa, ugonjwa uliongezeka. Hayo ni madhara yanayojulikana ya kundi hilo la dawa, pamoja na tamaa isiyozuilika ya kamari au ya kununua vitu kwa baadhi ya watu. Mwaka 2025 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo unaoshauri dawa hizo zisiwe za kawaida tena. Akiba ya chuma iangaliwe kwanza, na gabapentini na jamii yake zipewe nafasi ya mbele. Ndugu yetu alipunguziwa polepole na daktari wake, maana haziachwi ghafla. Wiki zile, alisema, zilikuwa ngumu kuliko ugonjwa wenyewe.

TUNACHOOMBA

Wapendwa wajumbe wa kamati, mkimtembelea mtu asiyelala, mwulizeni maswali manne: Unajisikiaje ukilala? Ukitembea inapungua? Unatumia dawa gani, zote, hata za dukani na za mitishamba? Je, umepoteza damu au umewahi kuambiwa una upungufu wa damu? Majibu yapelekeni zahanati. Msigawe vidonge vya madini chuma ninyi wenyewe, maana chuma kikizidi kinadhuru, na vidonge vilivyoachwa mezani vinaweza kumwua mtoto.

Kwa wafadhili wetu, sisemi mtuletee mashine. Kipimo cha feritini hakipatikani katika zahanati zetu, kwa hiyo mgonjwa lazima asafiri mpaka hospitali kubwa. Bibi yule angeweza kufika huko mapema zaidi kama angekuwa na nauli na mtu wa kumsindikiza. Naomba katika bajeti ijayo fungu la nauli ya wagonjwa wa rufaa lisipunguzwe.

Nami ninalo la kutimiza. Nimeifungua tena ile faili. Mahali nilipoandika "mgogoro wa majirani" nimeandika "mgonjwa". Mwinjilisti wa mtaa alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akaeleza ugonjwa huu kwa maneno ya bibi mwenyewe, siafu ndani ya mifupa. Jirani aliyefiwa na mtoto hakusema kitu siku ile. Juma lililofuata alimpelekea bibi chupa ya mafuta ya taa.