Somo la Leo: Nyumba Wakati wa Joto

Ninyi mlioko Kibaha na Kisarawe mnajua joto la Desemba hadi Machi. Watoto hawalali vizuri, na feni huzunguka usiku kucha, ikimaliza umeme wa luku. Je, tufanyeje?

Kwanza, tuzuie jua. Bati likipigwa na jua hupeleka joto chumbani. Tuweke dari chini yake, tukiacha matundu ya kutolea hewa ya moto. Tena jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Basi tupande mwembe pande hizo, mbali kidogo na msingi.

Pili, tupitishe upepo. Dirisha moja halitoshi. Liwepo na lingine upande wa pili, ili upepo uingie huku na kutokea kule.

Tatu, tusipike katika chumba cha kulala. Moto huacha joto, na moshi hudhuru.

Na feni? Feni haipozi chumba, humpoza mtu. Ukitoka, izime.

Sasa someni kwa sauti, kisha mwandike: Kivuli na upepo havinunuliwi.

Kwaherini.