Kuchemsha Maji Hakuondoi Nitrati

Samadi na urea tunazotia mashambani hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa amonia, kisha nitriti, na hatimaye nitrati. Amonia hushikwa na udongo. Nitrati huyeyuka na kufuata mvua hadi chini ya ardhi, ikatokea visimani na katika chemchemi zetu za milimani. Uchafu wa vyoo vya shimo hupita njia hiyo hiyo.

Nitrati haionekani wala hainuki. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, lakini nitrati hubaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa kuwa ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kubeba oksijeni.

Basi, mbolea itiwe kidogo kidogo, mmea unapoihitaji. Vyoo na mazizi vijengwe mbali na chemchemi, upande wa chini yake. Vinamasi vya mabondeni visikaushwe: humo, penye uhaba wa oksijeni, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani.

Maji tusiyoweza kuyatakasa jikoni, tuyalinde yanakotoka.