Wapigaji wa Shimoni na Mfuko Wao

(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Elimu siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa robo saa, nasi tutajitahidi tusiizidishe, maana harufu ya pilau tunaisikia sote.

Kama mjuavyo, kila mkutano mkuu kamati yetu huleta habari za kazi moja ya watu wengine. Safari hii kazi yenyewe ilichaguliwa na ubishi. Mnakumbuka kile kikao cha mikopo ambapo mwenzetu mmoja aliomba fedha za kumnunulia binti yake fidla. Mtoto anapiga kanisani, na mwalimu wake amemwambia kwamba akijitahidi anaweza kufika hata kwenye okestra za opera huko Ulaya. Kikao kiligawanyika. Wengine walisema fidla si cherehani, haileti marejesho. Mmoja akauliza, "Jamani, hiyo ni kazi au ni starehe?" Tukaahirisha, na kamati ikatumwa ikatafute jibu.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa. Wanaoonekana jukwaani ni waimbaji. Wapigaji wa ala, ambao wanaweza kuwa sitini au themanini, na kwa michezo mingine hupita mia, hukaa chini mbele ya jukwaa, ndani ya shimo. Ndiyo, shimo. Kule Bayreuth, Ujerumani, kuna jumba lililofunguliwa mwaka 1876 kwa ajili ya michezo ya Richard Wagner, na shimo lake limefunikwa hata mtazamaji haoni mpigaji yeyote. Sisi tuliozoea taarab, ambako wapiga fidla na kanuni hukaa jukwaani wamependeza, jambo hili lilitushangaza sana.

Basi huko shimoni wanamtazama kiongozi mwenye kijiti, ambaye huitwa kondakta (siyo yule wa daladala). Mwimbaji akiamua kuvuta sauti kadiri ya pumzi zake, wengi wao hawamwoni, lakini lazima wamsubiri na waingie naye pamoja. Mchezo mmoja wa Wagner, Die Meistersinger, una zaidi ya saa nne za muziki bila kuhesabu mapumziko. Katika jumba la opera la Vienna leo unapigwa mchezo huu na kesho mwingine, hivyo hivyo karibu kila usiku kuanzia Septemba hadi Juni. Wapiga obo, ambayo ni jamaa ya zumari, wengi hukata na kuchonga matete yao wenyewe nyumbani kwa kisu, na tete likiharibika wanaanza upya. Na katika okestra nyingi mwombaji kazi hufanyiwa usaili akipiga nyuma ya pazia, ili wanaomsikiliza wasijue kama ni mwanamume au mwanamke. Hapo tulipiga makofi.

Kwa hiyo mwalimu hakudanganya. Ni kazi, tena ngumu, na kwenye majumba makubwa ina mshahara. Lakini tulipozidi kuuliza tulikuta mambo ambayo kikundi chochote cha akiba kinayajua.

Kwanza ni afya. Mwaka 2012, katika jumba kubwa la opera la London, mpiga viola mmoja aliketi mbele ya kundi la tarumbeta wakati wa mazoezi. Kelele zilizopimwa zilipita desibeli 130. Masikio yake yakaumia, na kazi aliyoisomea tangu utotoni ikamwishia. Alishtaki, mahakama ikampa haki mwaka 2018, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Angalieni hiyo miaka, wenzetu: tangu siku ya mazoezi hadi hukumu ya kwanza ni miaka sita.

Pili, kazi yenyewe inaweza kusimama. Jumba la opera la Metropolitan, New York, lilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, na tangu Aprili mwaka huo wapigaji wake walikaa karibu mwaka mzima bila mshahara. Hawa ni mafundi wa daraja la juu kabisa duniani! Wapo waliohama mji kwa kushindwa kodi ya nyumba, na wapo waliouza ala zao. Wenyewe walilazimika kuanzisha mchango wa kusaidiana.

Lakini habari iliyotukalisha kimya ni ya zamani. London, miaka ya 1730, alikuwapo mpiga obo mmoja, John Kytch, mtu kutoka Uholanzi, aliyepiga katika okestra ya opera za George Frideric Handel. Alikuwa hodari na anajulikana mjini. Akafa maskini kabisa. Siku moja wapigaji wenzake, akiwemo mpiga fidla Michael Festing na mpiga filimbi Weidemann, walikuwa karibu na mtaa wa Haymarket, palipokuwa na jumba la opera. Wakaona watoto wawili wanaswaga punda wa maziwa. (Enzi hizo watu wa London walinunua maziwa ya punda kwa ajili ya wagonjwa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.) Walipowatazama vizuri wakatambua kwamba ni yatima wa Kytch.

Hawakuishia kusikitika. Mwaka huohuo wa 1738 waliunda mfuko wa kuwasaidia wanamuziki waliochakaa, wajane wao na watoto wao, kila mwanachama akilipa mchango wake kwa utaratibu. Handel alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Mwaka 1739 aliutolea mfuko huo onyesho, na alipofariki mwaka 1759 wosia wake uliuachia pauni 1,000. Chama hicho kipo hadi leo.

Akina mama, mnadhani wanawake waliruhusiwa kujiunga? Hata! Mjane aliweza kupokea msaada, lakini mwanamke anayepiga au kuimba kwa kipaji chake mwenyewe hakupewa uanachama. Wakangoja miaka mia moja. Mwaka 1839 wanamuziki wanawake wa London wakachoka, wakaanzisha mfuko wao wenyewe, wakauendesha kwa fedha zao. Mwaka 1866 ndipo vyama viwili vikaungana. Tuliposoma hapo tuliwakumbuka wale waliotuambia mwaka wa kwanza kwamba sanduku la wanawake litakuwa tupu kabla ya Krismasi.

Wala msidhani mambo hayo yaliisha karne ile. Wapigaji wa opera ya Vienna wana chama chao tangu 1842, wanachagua viongozi wao na kugawana mapato ya matamasha yao. Mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama kamili, mpiga kinubi Anna Lelkes, aliingia mwaka 1997. Kabla ya hapo alikuwa amepiga nao kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa turudi nyumbani. Kuhusu mkopo wa fidla, kamati inapendekeza utolewe. Binti ameshaanza kuitwa kwenye harusi na kulipwa kidogo, na mama yake hajawahi kuchelewesha rejesho hata moja. Tunaomba tu fidla iandikwe kwenye daftari kama chombo cha kazi, sawa na cherehani.

La pili ni zito zaidi. Katiba yetu inatoa rambirambi mara moja, kisha basi. Mwenzetu aliyefariki mwaka juzi aliacha watoto watatu. Baadhi yetu tumewaona wakiuza maji ya kunywa stendi saa za masomo. Tumewaona, tukanunua maji, tukapita. Tulipokuwa tunaandaa mazungumzo haya, mjumbe mmoja wa kamati alishindwa kuendelea kusoma alipofika kwa wale watoto wa Kytch, na wote tulijua kwa nini.

Kwa hiyo baada ya chakula tutaleta pendekezo kwamba sehemu ya faini na faida ya mikopo itengwe kila mwezi kwa ada na sare za watoto wa mwanachama aliyefariki, hadi wamalize kidato cha nne, tukianza na hao watatu. Mweka Hazina amepiga hesabu, na karatasi zake ziko mezani karibu na mlango. Tafadhali kila mmoja achukue yake kabla ya kupanga foleni ya pilau.